Choo Ndani ya Kibanja

Harufu ya kome akifungua magamba yake juu ya makaa huijui mpaka uisikie: tope la ziwa, moshi, na utamu kidogo kama wa nyama. Juzi ilinifikia barazani, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu hapa kijijini, diploma yangu ya afya ya mazingira ikining'inia ukutani. Ndiyo, naitaja. Nimeitafuta kwa miguu, kwa nini niifiche?

Ikanirudisha nilipokuwa na miaka tisa. Kijiji chetu cha ujamaa kiliagizwa kila kaya iwe na choo, na Bwana Afya angepita na baiskeli kukagua. Sasa, mnatujua sisi Wahaya na kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Migomba ni ya urithi, na chini yake wamelala mababu. Nani angethubutu kuwachimbia choo? Wazee wakapata jibu, wakalifurahia sana: vyoo vyote vikachimbwa ufukweni mwa ziwa, kwenye udongo laini usio na mwenyewe, mstari mmoja ulionyooka kama wanafunzi paredi. Bwana Afya alisifu, akatafuna buni za kahawa alizokaribishwa, akaondoka.

Hatua chache chini ya mstari ule ndipo tulipookota kome. Baada ya masika walinona kuliko siku zote. Mimi na mdogo wangu Koku, wa miaka minne, tuliwabanika kwa pupa, tukawala wakiwa bado wabichi ndani. Mimi niliumwa tumbo siku moja. Koku alihara na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Baba na majirani walimbeba kwa machela hadi zahanati, nami nikawafuata nikimwahidi Mungu kwamba nisingeonja kome tena maisha yangu yote.

Tabibu alimtundikia dripu, kisha akatuuliza alikula nini, kome walitoka wapi, na juu yao kuna nini. Nilijibu mimi. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alitazama sakafu.

"Mzee, kome hachagui," tabibu alisema. "Maji yakipita, anayanywa. Mkimpa choo, atakunywa choo."

Siku ya tatu Koku aliomba ndizi. Jioni hiyo tata alirudi nyumbani, akashika jembe, akaanza kuchimba ndani ya kibanja, mbali na makaburi lakini katikati ya migomba. Baba mdogo alisimama njiani akicheka.

"Kaka, hiyo ndiyo zawadi unayowapa mababu?"

Tata hakuinua kichwa. "Wao wamekwisha kufa. Koku bado."

Wiki iliyofuata baba mdogo alikuja kuazima sururu, na kabla ya mvua za vuli vyoo vya ufukweni vilikuwa vimefukiwa.

Miaka mingi niliamini tata alikuwa amewakasirikia mababu, nami nikaogopa kupita karibu na makaburi yao. Chuoni, mwalimu alimtia kome kwenye chupa ya maji ya tope. Kufikia mchana maji yalikuwa meupe, na tope lote lilikuwa limeingia ndani ya kome. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tata hakuwa na hasira. Alikubali kuchekwa na ukoo mzima ili mtoto aliyepona asirudi kwenye machela.

Juzi aliyekuwa akibanika kome ni Koku mwenyewe, akiwafokea wajukuu wake wangoje waive sawasawa. Maji ya ufukwe ule niliyapima mimi, nikayakuta safi. Ahadi yangu kwa Mungu niliivunja: nilikula sita.