Upepo Baada ya Jalidi

Harufu ya turubai lililolowa ikinifikia, hata hapa ofisini Randburg, vidole vyangu hujikunja vyenyewe.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa akisuka nywele kando ya barabara kule mtaa wa Malvern, ng'ambo ya jiji hili, chini ya hema dogo la turubai. Wiki nzima jalidi iliganda kwenye nyasi na hakuna mteja aliyekuja. Kisha asubuhi moja tukaamka jalidi imetoweka, mawingu yamejaa, upepo unapiga mabati. Akaja msichana aliyekuwa anaolewa kesho yake.

Mama alipofika nusu ya kichwa, mvua ikaanza kutuchapa ubavuni.

"Shika mguu ya hema, mwanangu! Shika sana!" alisema, mikono yake imezama kwenye nywele za yule msichana.

Nikashika. Chuma kilikuwa cha baridi, kikanivuta huku na huku hadi viganja vikawaka moto. Nikaachia. Hema likapaa juu ya magari, likanasa kwenye taa za barabarani, likachanika.

Mama alilitazama kidogo. Akamvuta msichana hadi kibarazani pa duka la jirani, akasuka mpaka jioni, nguo zimemganda mwilini. Hakunigombeza.

Nyumbani aliketi kitandani bila kuvua koti. Nikaanza kulia.

"Mikono iliniuma, Mama."

"Najua," alisema, macho ameyafumba. "Hata mimi kuna siku natamani kuachia."

Nilipomaliza kufuta machozi, alikuwa amekwishalala, ameketi vilevile, maji yakidondoka sakafuni kutoka kwenye sketi yake.