Mbuzi ya Motiben

Miaka ile Wazungu walipokuwa wakipanda miti ya mpira nyuma ya Malindi, hapakuwa na mkunga aliyependwa kama Mbeyu wa Muyeye. Alikuwa Mgiriama, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mashamba mawili, na mdomo wake haukuwa na breki. Mwanamke akilia kwa uchungu, Mbeyu alimtania hadi acheke, na akicheka mtoto hutoka. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na waliozalishwa naye hawakuwahi kumpinga.

Kila Jumatatu alikwenda mjini na kapu la nazi kichwani, na nyumba ya kwanza kubisha hodi ilikuwa ya Dinesh, Banyani muuza nguo. Si kwamba Dinesh alinunua sana. Mbeyu alimfuata mkewe, Motiben.

Motiben alikuja bibi harusi kutoka Bara Hindi, mfupi, mwembamba, hajui neno la Kiswahili wala hajui nazi inavunjwa upande gani. Mbeyu ndiye aliyemfunza yote mawili, wakiwa wamekaa uani, na ndiyo maana Kiswahili cha Motiben kilikuwa cha jikoni tupu. Sufuria, kuni, chumvi, kifuu, tui, hayo alikuwa nayo tele. Mambo ya nje ya jiko yalimpiga chenga. Na ngeli zote alizitia katika kapu moja: mtoto yangu, mume yangu, mguu yangu.

Kukuna nazi kulimtesa mwanzoni. Aliyajeruhi meno ya mbuzi kwa vidole vyake, alisema Mbeyu, maana kila siku damu ilikuwa ya Motiben na kelele ilikuwa ya Motiben. Dinesh akamhurumia, akaenda kwa seremala akamtengenezea mbuzi ya kimo chake, ya mti wa mbambakofi, kiti kifupi chenye nakshi ya maua pembeni na ulimi wa chuma uliochongoka meno vizuri. Kilikuwa kitu cha kwanza kuwa chake katika nchi hii. Motiben alikipenda, akakipaka mafuta, akakataa kumwazima mtu yeyote. Na tangu akae juu yake hakujikata tena, hata siku moja. Aliweza kukuna huku akimtazama Mbeyu usoni na kucheka, mkono unajiendea wenyewe.

Jambo jingine la Motiben lilikuwa huruma. Nyama haikuingia nyumbani kwake, hilo ni la dini yake, lakini yeye alizidisha. Kabla ya kuwasha moto alipuliza jiko ili sisimizi wahame. Mtu akipita na kuku aliyemning'iniza miguu juu, Motiben alitoka mbio, akampokea yule kuku, akamweka wima kwapani kama mtoto na kumsindikiza hadi mwisho wa mtaa. Watu wa Malindi walimzoea. Wengine walipita hapo makusudi wakiwa wamechoka kubeba kuku wao.

Alikuwa na huzuni moja tu, lakini kubwa. Watoto wake watatu walizaliwa na kufa kabla ya kutambaa.

Uchungu wa nne ulimshika asubuhi, na kufikia adhuhuri Mbeyu aliona mambo yanaharibika. Utani ukamwishia. Akaenda mlangoni, akaelekeza uso Muyeye, kwenye vigango, zile nguzo za mti zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliokufa wa mji wa ukoo wa mumewe, akasema kwa Kigiriama, kwa sauti yake ileile ya mashamba mawili: "Koma zetu, wazee wetu mliotangulia, mnisikie! Mtoto huyu akiishi akatambaa, mamake ataleta mbuzi, kwa mkono wake mwenyewe, na damu itamwagika hapo penu." Jua halijapinda vizuri, Kokila akatoka, mwekundu, mwenye hasira, akipiga kelele kuliko mkunga.

Mbeyu alifurahi hadi akacheza ngoma peke yake uani. Kisha, njiani kurudi, akasimama ghafla. Ameahidi nini? Ameahidi kwamba mwanamke anayehamisha sisimizi atapeleka mbuzi akachinjwe.

Basi akanyamaza. Kokila akaketi, Mbeyu kimya. Kokila akatambaa, Mbeyu bado kimya. Kisha mtoto akashikwa na homa, ikapoa, ikarudi. Dzombo, shemeji yake Mbeyu na mtunzaji wa koma za mji ule, ambaye aliambiwa habari ya nadhiri siku ileile ya uzazi, akamwita.

"Shemeji, ile nadhiri?"

"Nitampeleka mbuzi wangu mimi."

"Ulisema mbuzi wako? Ulisema mamake ataleta, kwa mkono wake. Mimi siwezi kuwageuzia wazee maneno. Na mtoto anaumwa."

Mbeyu hakulala vizuri. Alimpenda mtoto yule kama aliyemzaa, na alijua vilevile kwamba akimwambia Motiben, huenda urafiki wao ukaishia hapo. Jumatatu akajikaza, akaenda.

Alimkuta uani, juu ya mbuzi, akikuna nazi, Kokila amefungwa mgongoni kwa kanga akiwa na uso wa homa. Mbeyu akaweka kapu chini na, kwa mara ya kwanza maishani, akazungumza polepole.

"Mwanangu, siku ile ulipokuwa unajifungua niliwaahidi wazee wetu kitu. Mtoto akitambaa, utawapa kitu. Sasa wanakidai."

"Kitu gani, mama?"

"Mbuzi."

Mkono wa Motiben ukasimama. Akatazama chini, akatazama juu. "Mbuzi yangu?"

"Yako," akajibu Mbeyu kwa ngeli za Motiben mwenyewe. "Si ya mtu mwingine. Ulete mwenyewe, kwa mkono wako."

"Halafu tarudi nayo?"

"Hapana, mwanangu. Kitu cha koma hakirudi."

Motiben akayapapasa yale maua ya nakshi kwa kidole. Macho yakamjaa maji. Mbeyu, ambaye alikuwa amejitayarisha kwa kilio na kufukuzwa, akaona yule mwanamke anapangusa machozi kwa kiganja chenye nazi, anatabasamu na kusema: "Basi. Kokila kubwa kuliko mbuzi. Mimi taleta."

Mbeyu alirudi Muyeye hatua zikimpaa. Alimsimulia kila aliyekutana naye njiani: Banyani amekubali kuleta mbuzi! Hata wale ambao hawakuuliza waliambiwa.

Siku ikafika. Mji ulijaa jamaa na majirani. Tembo la mnazi lilikuwa tayari ndani ya vibuyu, wali ulikuwa unapikwa, na Dzombo alikuwa amenoa kisu hadi kinang'aa. Mbeyu hakuwa mjinga. Nyuma ya nyumba alikuwa amemfunga beberu wake mweupe, endapo Motiben angeogopa njiani akaja mikono mitupu. Angempa kamba aishike tu, hata kwa kufumba macho.

Wakaonekana. Dinesh mbele na mwavuli, amemkinga Kokila na jua. Nyuma yake Motiben katika sari yake ya harusi, na kichwani kitu kimefunikwa kitambaa chekundu.

Watu wakanyoosha shingo kutazama nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na njia tupu.

"Mbuzi yuko wapi?" Dzombo akanong'ona.

"Labda amebaki anakula majani," akasema Mbeyu, akitupa jicho nyuma ya nyumba, kwa beberu wake.

Motiben akawasalimu wazee wote, shikamoo baada ya shikamoo, kwa heshima kamili. Akapiga magoti mbele ya vigango. Akakitua kile kitu, akafunua kitambaa. Ilikuwa mbuzi yake ya kukunia nazi, imepakwa mafuta, imevishwa shada la maua ya asmini.

Kisha ajuza mmoja akacheka kidogo kwa pua. Akafuata wa pili. Halafu mji mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega, walikaa chini, walilia. Mbeyu alicheka hadi mbavu zikamuuma, na ndani ya kicheko hicho akaona aibu: kumbe yeye, mwalimu wake wa Kiswahili, hakuwahi kumfunza mbuzi nyingine.

Motiben naye alicheka, kwa kuwa watu walikuwa wanacheka. Kisha Mbeyu akamwonyesha kwa kidole kisu cha Dzombo, halafu beberu nyuma ya nyumba. Motiben akatazama kisu, akatazama beberu, na beberu akamtazama. Kicheko kikamtoka usoni.

"Huyu?" akasema. "Mama, mimi hapana weza. Mtoto yangu naishi, mtoto ya mama ingine nakufa? Hapana weza."

Watu wakatulia. Dzombo hakukasirika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyapima. Akamwambia Mbeyu aitamke nadhiri yake upya, neno kwa neno, na Mbeyu akaitamka.

"Ataleta mbuzi," Dzombo akarudia. "Hii ni mbuzi. Kwa mkono wake. Ameileta. Hapo wazee hawana neno." Watu wakaguna kwa kuridhika. "Lakini ulitaja damu, shemeji. Na hii ni ya mti."

Motiben akauliza, kwa kile Kiswahili chake: "Mzee, koma nataka damu kwa nini? Nasikia kiu?"

Wengine waliziba midomo wasicheke. Dzombo alimjibu kama anavyojibiwa mtu mzima. "Kiu tunawapoza kwa tembo, mama. Damu ni kitu kingine. Maneno mtu huyasema na kuyameza tena. Damu ikishatoka, hairudi ndani. Wazee wakiiona wanajua kwamba huyu hakuja kuongea tu."

Motiben aliyafikiria maneno hayo. Kokila alikuwa amelala begani kwa babake, mashavu yanawaka. Kisha akaomba nazi.

Mbeyu akaivunja mwenyewe, maji yakamwagika chini ya kigango, akampa nusu moja. Motiben akaketi juu ya mbuzi yake mbele ya wazee wote, walio hai na wasio hai, akaanza kukuna. Nazi ikashuka nyeupe, laini, kwa ile sauti yake ya kila siku. Alikuwa anamtazama Mbeyu usoni, mkono unajiendea wenyewe, na Mbeyu akamwona anatabasamu.

Ndipo damu ikatoka. Meno ya chuma yalipita kwenye dole gumba. Motiben hakupiga kelele. Aliunyoosha mkono juu ya kigango na kuacha matone yadondoke, moja, jingine, jingine, hadi mti ukawa mwekundu.

"Mbuzi kauma!" akapiga kelele yule ajuza, na vigelegele vikalipuka hadi beberu akakata kamba yake. Dzombo akamwaga tembo, akawataja wazee kwa majina, akawaambia mtoto Kokila ni wa hapa, wamtazame. Wengine walikuwa wanashangilia, wengine wanamfukuza beberu, ambaye alizunguka nyumba, akajipenyeza kati ya miguu ya watu na kuila nazi yote iliyokunwa.

"Huyo ndiye aliyepaswa kuliwa," akasema Dzombo, "naye ndiye wa kwanza kula." Akacheka, jambo ambalo watu wa mji ule walilisimulia kwa muda mrefu kuliko habari ya damu.

Siku hiyo sherehe ilikuwa ya wali wa nazi na kunde, bila kipande cha nyama. Walafi walinung'unika, kisha wakaomba waongezewe. Dinesh alikula hadi akalegeza mkanda. Alasiri Kokila aliamka, akatokwa na jasho, akadai kunyonya, na Mbeyu alipomgusa paji la uso lilikuwa limepoa. Alilia kwa furaha mbele ya watu wote wala hakujificha.

Mbuzi ilibaki chini ya kigango, na maua yake. Jioni ilipokaribia, Mbeyu aliwasindikiza wageni hadi njia panda. Dinesh akatangulia na mtoto. Mbeyu akaushika mkono wa Motiben, akalifunga lile dole kwa kitambaa chekundu, taratibu.

"Moti," akasema. "Mimi ndiye niliyekufunza kukuna. Mkono wako hautelezi."

Motiben akautazama mkono wake, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Leo nateleza, mama," akasema, na akamfuata mumewe.