Fundi wa vyerehani aliyemuuza 'Shangazi'

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Fundi ameinama chini ya cherehani katika karakana ya kushona sare za shule, tochi ndogo ameiuma kwa meno, mkono wa kulia umezama ndani ya tumbo la mashine. Washonaji wawili wamesimama pembeni wakimsubiri. Anachomoa kipande cha uzi wa buluu kilichojisokota, anaitoa tochi mdomoni na kukiinua wakione.

"Huu ndio ugonjwa wenu," anasema. "Mashine haina kosa."

Amefika hapa kwa mabasi mawili na mwendo wa dakika nane kwa miguu, mkoba wa turubai begani. Ndani mna bisibisi saba, kopo la mafuta, mikanda ya akiba na sindano alizozifunga kwenye kitambaa. Mwaka juzi vitu hivi vingekuwa nyuma ya gari lake, pamoja na vingine ambavyo mwenyewe anakiri hakuwahi kuvitumia.

Gari hilo watoto wake walilibandika jina la Shangazi, kwa sababu halikuamka asubuhi hata moja bila kulalamika.

Fundi, mwenye umri wa miaka sitini na moja, alilinunua miaka ishirini na saba iliyopita kwa mwalimu mstaafu. "Nilipolifikisha nyumbani, mke wangu alilizunguka mara mbili, akaniuliza, 'Milango yote inafunguka?' Nikamwambia mitatu."

Wa nne haukufunguka mpaka mwisho. Hata hivyo Shangazi alichapa kazi. Alibeba vyerehani vizito vya chuma kutoka kila pembe ya mji. Alimfikisha mama watoto hospitali zikiwa zimesalia dakika chache kitindamimba azaliwe. Mtaani palipokuwa na harusi au msiba, aliyegongewa mlango kwanza ni Fundi.

Binti yake mkubwa alijifunzia kusoma kwenye kiti cha nyuma, akitamka herufi za mabango ya maduka moja moja. Baba alipunguza mwendo kusudi neno lisimpite mtoto kabla hajalimaliza.

"Madereva wa nyuma walinitukana sana," anakumbuka. "Lakini mtoto alikuwa ameshafika katikati ya 'samani'. Ningemkatishaje?"

Watoto walipoota mbawa na kwenda zao, gari likabaki na kazi ndogo na maradhi makubwa. Karibu nusu ya alichokipata kwa mwezi iliishia gereji. Kisha injini ikafa, na ikachukua miezi mitatu kufufuka.

Katika miezi hiyo Fundi alipanda basi kwa kukosa njia nyingine. Akagundua kwamba hachelewi kwa wateja. Akagundua pia kwamba anafika akiwa hajachoka, na kwamba watu wakiuona mkoba wake wanamweleza habari za mashine zao. Wiki moja alipata wateja wanne akiwa kitini.

Gari liliporudi, lilikaa uani wiki mbili bila kuguswa. Mkewe, anayeshona mapazia, ndiye aliyesema la moyoni. "Nilimwambia, Fundi, hili gari limekuwa kama mgeni aliyeshaaga lakini haondoki. Tumsindikize."

Haikuwa rahisi. Shemeji yake alieneza habari kwamba Fundi amefilisika. Na siku mnunuzi, mwenye chuo cha udereva, alipokuja kulichukua, binti mkubwa alipiga simu kutoka mbali anakofanya kazi.

"Alisema, 'Baba, lipige honi mara moja nisikie.' Nikapiga. Halafu nikampa yule bwana ufunguo."

Kwa mizigo mizito, alipatana na majirani wawili. Mama mwenye duka la dawa alikuwa na gari lililotoka Jumapili tu; mwalimu wa hesabu wa nyumba ya tatu hakuwa nalo kabisa. Sasa wanalitumia wote watatu. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari jikoni kwa mama wa dawa, na masharti ni mawili: ulirudishe na mafuta, na usile karanga ndani.

Mwezi wa tano mwaka huu mpango huo ulitiwa kwenye mizani. Alasiri moja mkewe aliteleza bafuni, akaangukia mkono. Fundi alikimbilia kwa jirani na kukuta msumari mtupu. Mwalimu alikuwa ametoka na gari kufuata vitabu upande wa pili wa mji.

"Nilipatazama pale uani alipokuwa akisimama Shangazi, nikajiona mjinga," anasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu analia ndani, na mimi nimeuza miguu yangu."

Alimpigia mwalimu. Mwalimu aliviacha vitabu kwenye kaunta ya duka, hata risiti hakuchukua. Baada ya dakika ishirini alikuwa mlangoni, ameshakilaza kiti ili mgonjwa ajinyooshe.

Hospitalini walikuta mfupa umevunjika mahali pawili. Alipokwisha kufungwa plasta, mkewe alimgeukia. "Shangazi angekuwa bado anakohoa pale uani," alimwambia. Walicheka mpaka muuguzi akawaomba wapunguze sauti.

Lakini hamu ya Shangazi haijamtoka. Juzi basi lake lilisimama kwenye taa sambamba na gari lenye rangi mpya na kibao cha mwanafunzi juu. Alilitambua kwa mlango wa nne, ambao bado ulikuwa na kibonyeo kilekile. Msichana aliyeshika usukani alikuwa akihangaika na gia.

"Gia ya pili ya Shangazi lazima uivute kwako kidogo kwanza. Nilitaka nifungue dirisha nimwambie." Anatabasamu. "Basi likaondoka."

Sasa ana jipya. Karibu na kituo kikuu cha mabasi amepata kichumba chenye dirisha moja, upana wake hatua tatu. Wiki hii anapiga rangi; wiki ijayo anaingiza meza ya kazi na viti viwili, kimoja cha mkewe ambaye mkono umepona na amesharudia mapazia yake. Washonaji wanaoshuka hapo kila siku wataacha mashine asubuhi na kuzichukua jioni.

"Miaka yote nilikuwa nawafuata mimi," anasema, akifuta rangi vidoleni. "Sasa acha wanikute nimekaa."