Voahirana na Vigingi Viwili

Kro, kro, kro. Nikimkumbuka Voahirana, mlio huo hutangulia: vijiti vilivyozungushiwa nyuzi za hariri vikigongana kikapuni, naye akienda na uzi mkononi toka kigingi cha kusini hadi cha kaskazini, akizunguka, akirudi. Hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi. Hivyo ndivyo mtande, zile nyuzi za urefu wa nguo, unavyotandwa kwetu kabla ya kufumwa, na ua wake na wangu ulitenganishwa na ugo tu, hivyo mlio ule ulikuwa saa yangu.

Alitembea vile miaka ishirini na miwili, akitanda nguo za kuwafunikia wazee wetu waliokufa, siku ya desturi yetu ya kuwatoa makaburini na kuwavika upya. Kisha goti lake la kushoto likaanza kuvimba. Nyumba ya ufumaji ya mjini ilimtaka awafundishe wasichana, kazi ya kukaa kitini, lakini kwa sharti la cheti cha darasa la tisa. Voahirana alikuwa amekwisha kuufanya mtihani mara mbili, na mara zote mbili fizikia ilimwangusha. Akianguka na mwaka wa tatu, nafasi ile isingemngoja tena, na goti pia lilikuwa limechoka kungoja.

Alisoma kwa Solofoniaina, mwalimu kijana aliyekuwa akipita kwake kila Jumamosi.

"Mama, mtu akienda mita mia mbili kaskazini, akarudi mia mbili kusini, umbali aliotembea ni mita ngapi?"

"Mia nne."

"Na mhamo wake?"

"Mia nne."

"Sifuri, Mama. Mhamo ni toka alikoanzia hadi alipo sasa, naye karudi alikoanzia."

"Sifuri?" Voahirana alifunga daftari. "Mwalimu, njoo utembee na goti hili siku moja, halafu uniambie sifuri. Kusini hakufuti kaskazini. Miguu haisahau."

Nilimsikia toka uani kwangu, na nikajua si hesabu iliyomchoma. Mtu mzima, miaka yote ile akienda na kurudi, aambiwe hakufika popote?

Mama mkwe wake, Razafimalala, ambaye sote tulimwita Neny, yaani mama, alikuwa akikaa mlangoni, upande wa magharibi, akiota jua la alasiri na kusokota hariri. Kila mtande ulipokwisha, alikuwa na utani wake uleule.

"Haya, mke wa mwanangu, umefika wapi leo?"

Voahirana aliendelea kukusanya vijiti vyake.

Wiki mbili kabla ya mtihani alitanda nguo kubwa, mizunguko sitini. Alipofunga uzi wa mwisho alikuwa akichechemea.

"Umefika wapi leo?" Neny akauliza. "Mbona uko palepale kwenye kigingi cha kusini? Na una sisimizi kwenye shavu la mashariki."

Kwetu hata shavu hutajwa kwa pande za dunia; Voahirana alimfuta sisimizi. Nilidhani atalia. Lakini alikuwa anautazama ule uzi uliojaa vigingini, ukimeta, safari yake yote ya siku ile imelala pale, hakuna hatua iliyopotea. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Neny, ukiniuliza nimetembea kiasi gani, nitakuonyesha nini?"

"Utanionyesha uzi. Nini kingine?"

"Na ukiniuliza nimefika wapi?"

"Uzi wa nini? Si nakuona uliposimama?"

Voahirana akaenda akichechemea hadi kigingi cha pili.

"Na sasa?"

"Sasa uko hatua kumi na tano kaskazini ya ulipoanzia. Hata kuku anajua hilo. Ndicho anachokuhangaisha nacho yule mwalimu mwaka wa tatu?"

"Ndicho hicho, Neny."

"Masikini! Na chai yangu anakunywa."

Voahirana alicheka mpaka akashika ugo. Yalikuwa maswali mawili, naye siku zote alikuwa akiyapa jibu moja. Kwa mhamo, mwalimu alikuwa anauliza tu miguu iko wapi. Uzi, ule mwendo wote, hakuugusa.

Kwenye mtihani waliwekewa mkokoteni uliotoka sokoni mita mia tatu mashariki, ukarudi mia tatu magharibi. Aliniambia baadaye kwamba kwenye umbali aliandika mia sita, akalisugua goti lake chini ya meza, kisha kwenye mhamo akaandika sifuri, na kalamu haikusita.

Siku ya matokeo nilimsindikiza mjini kwa miguu, kilomita tisa, tukipumzika kila kilima. Alilipata jina lake ubaoni, karibu na mwisho. Akakaa chini papo hapo katikati ya watoto wenye sare, miguu ameinyoosha mbele, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa mpunga. "Mwezi ujao nakaa kitini," akasema. "Kitini!" Tukanunua vitumbua vya mchele, tukarudi polepole kilomita zilezile tisa.

Neny alikuwa bado mlangoni. Alituona tunaingia, akaona na karatasi ya matokeo mkononi mwa Voahirana, lakini hakuwa mtu wa kuacha desturi yake.

"Haya, mke wa mwanangu. Tangu asubuhi unatembea. Umefika wapi leo?"

Voahirana alikaa kando yake kizingitini, akammiminia maji ya ukoko wa wali tunayokunywa baada ya chakula, yaliyokuwa bado vuguvugu, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Hapa hapa, Neny," akasema, kwa sauti ndogo sana.