Sukari Aliyokatazwa Baba

Nilifika nyumbani Ibadakuli mchana nikitokea Bulyanhulu, nikamkuta baba amekaa sebuleni, shati limelowa jasho chapachapa. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Akaniangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Muache apumzike," mama alisema. "Daktari kasema sukari ikianza kutoka mwilini, mtu hulegea."

Daktari gani? Yule wa kwenye televisheni, mwenye koti jeupe na maneno matamu, anayewaambia watu kwamba ukiacha wanga na sukari kabisa, kisukari kinakwisha. Hajawahi kumwona baba hata siku moja, lakini nyumbani kwetu neno lake lilikuwa sheria. Mama alinieleza kwamba tangu jana yake baba hakugusa ugali wala viazi wala uji. Alikula mboga za majani na vipande vya nyama. Lakini sindano ya insulini alijidunga asubuhi, kiasi kilekile cha siku zote, kwa sababu habari za sindano daktari yule hakuzigusia.

Kliniki walishatufundisha: ukijidunga usipokula, sukari inashuka, na ikishuka inaua upesi kuliko ikipanda. Nilikimbilia duka la jirani, nikarudi na soda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kaishika miimo kwa mikono miwili.

"Ng'wana wane, mwanangu, hiyo sumu humpi mume wangu!"

"Mama, nipishe. Baba anakufa."

"Atakufa ukimpa!"

Sikuwahi kumsukuma mama yangu. Siku ile nilimsukuma kwa bega, nikasikia akijigonga ukutani. Nilimwinua baba kidevu, nikamnywesha kidogo kidogo huku nikimsihi ameze. Akameza. Nyingine ikamwagikia kifuani. Nyuma yangu mama alilia kwa Kisukuma kwamba namuua baba yangu mbele ya macho yake, nami nilishaanza kujiuliza: na kama mama ndiye yuko sahihi?

Nilisubiri. Nilimpa tena. Jasho likaanza kukauka, macho yakatulia. Baba akajilamba midomo, akaitazama chupa mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi, safari hii akinijua vizuri kabisa.

"Mwanangu," alisema, "nimekukosea nini hata unipe sumu?"