Faksi Iliyokataa Salamu

Mashine ya faksi haina mtetezi. Vijana huicheka, wakubwa huigombeza, na mafundi wenzangu wakiitwa kuitazama husema wako mbali. Mimi huipenda. Nimezunguka Makueni na Kitui nikitengeneza simu za maofisini, na sijaona kifaa kingine kinachojitahidi hivyo kumfikishia mtu karatasi, tena kwa kupiga mayowe njia nzima.

Ndiyo maana niliitikia haraka nilipoitwa na hospitali moja ndogo upande wa Matiliku. Walikuwa wameacha laini za nyaya na kuhamia simu za mtandao. Faksi haijui mtandao, inajua laini ya simu tu. Kwa hivyo ilichomekwa kwenye kisanduku kinachochukua sauti ya simu, kuikatakata vipande na kuvirusha mtandaoni. Tangu siku hiyo ikaanza kugoma.

Aliyeitumia alikuwa karani wa maabara, mama wa makamo aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alituma majibu ya damu ya wajawazito kwa zahanati moja ng'ambo ya Kitui, mbele ya Zombe. Kule alikuwepo nesi mmoja tu, na ndiye aliyezipokea karatasi. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka bila kuonana hata siku moja.

Msimamizi wa hospitali, ambaye ni daktari, alikuwa amechoka na kelele za faksi. Alisema ikigoma hadi Ijumaa, kazi ile itahamia mapokezi, wapige picha majibu na kuyatuma kwa simu ya mkononi.

"Mashine wachukue," mama akaniambia. "Lakini huyu sista wa huko nitaongea na yeye saa ngapi? Mimi sina sababu ingine ya kumpigia."

Nikakunja mikono ya shati. Nilipotuma mwenyewe, karatasi ilipita vizuri kabisa. Nikatuma tena, ikapita. Nikamwambia mama imepona, nikaenda kunywa chai. Sijamaliza kikombe, akaja mlangoni.

"Si ulisema imepona? Imenikataa tena."

Nilibadilisha waya. Nikapunguza kasi ya kutuma, maana faksi ikienda polepole huvumilia mtandao mbovu. Mikononi mwangu ikapita, mikononi mwake ikagoma. Nilianza kukasirika, na nikikasirika huwa naongea na mashine kwa sauti. Mama akaketi akanisikiliza kwa heshima, kama mtu aliye katika maombi ya mwenzake.

Mwishowe nikamwambia, "Mama, hebu tuma mimi nikiangalia."

Akaweka karatasi, akainua mkonga wa simu, akapiga. Nesi alipopokea, mama akaanza kwa Kikamba: "Ũvoo waku, mwaitu?" yaani habari yako, mama. Kisha akauliza habari za usiku, za goti, za kwaya, za mvua iliyozunguka bila kushuka, za mbuzi aliyekuwa karibu kuzaa. Nesi naye akauliza zake. Hakuna aliyeharakisha. Ndipo mama akasema, "Haya, sasa nakutumia," akabonyeza kitufe. Faksi ikalia, ikalia, ikakata.

Nilicheka mpaka nikajifuta macho. Waliotengeneza kisanduku kile walikipanga kisubiri mlio wa faksi mwanzoni mwa simu tu. Kikiusikia, kinaupisha bila kuugusa. Kisipousikia mapema, kinaamua hawa ni watu wanaongea, kinaacha kuusubiri na kuanza kubana sauti ili zisijaze mtandao. Maneno ya mtu yakibanwa bado yanaeleweka. Mlio wa faksi ukibanwa, upande wa pili hupokea uji. Mimi nilipokuwa nikijaribu, nilibonyeza tu bila kumsalimu yeyote.

"Basi usimsalimie," nikamwambia. "Piga, bonyeza, kwisha."

Akatii. Karatasi ikapita. Nilikuwa nikikusanya vifaa vyangu simu ilipolia, na sauti ya nesi nikaisikia kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Nilikukosea wapi? Leo umenitupia karatasi kama mtu ananyima jirani chumvi. Ama kuna mtu amekufa na hutaki kuniambia?"

Mama alininyooshea mkonga nijieleze mwenyewe. Niliomba msamaha kwa mtu nisiyemjua, nikafungua tena tarakilishi yangu, na safari hii sikuondoka kwenye mipangilio ya kisanduku mpaka nilipopata mahali palipoweka mpaka wa muda wa kusubiri mlio. Nikauondoa. Sasa kingesubiri mlio mpaka simu ikatwe.

Ijumaa msimamizi akaja kujionea. Alisimama karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Mama akafungua spika ili sote tusikie, akapiga, akaanza salamu. Mimi nilikuwa nikitoka jasho. Usiku ulikuwaje? Goti je? Mbuzi alikuwa amezaa mapacha. Msimamizi akachezesha funguo.

"Na wewe umeamkaje kabisa, moyoni?" mama akauliza.

"Nimeamka," nesi akasema. "Tangu asubuhi wagonjwa wamejaa hapa, kila mtu ananiambia penye anaumwa. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mimi."

Mama akainamia mashine. "Haya mwaitu, nakutumia." Akabonyeza. Mayowe yakaanza, karatasi ikavutwa ndani taratibu, ikatokea nyuma ya mashine, nayo ikachapisha kwamba imefika. Nilitaka kuibusu.

"Ibaki hapa," msimamizi akasema, akageuka kwenda.

"Daktari," mama akamwita, "na wewe umeamkaje?"

Alikuwa tayari ameshika kitasa. Akamtazama mama, akatazama kiti kilichokuwa kando ya faksi, kisha akarudi akaketi.

"Vibaya, mama," akasema.