Ufuta wa Mahameni

Tulipohamishwa kuja kukaa kando ya barabara, kila kaya ilipewa kiwanja kwenye mstari. Kule tulikotoka yalibaki mahame: kuta zilizobomolewa, majivu, na mbolea ya zizi iliyolala miaka mingi. Penye mbolea mmea hauchelewi. Mwaka wa pili kichaka cha mzungu kilikuwa kimejaa kote. Tulikiita hivyo kwa sababu zamani kilipandwa kuwa uzio wa nyumba ya mzungu mmoja, kwa ajili ya maua yake, mekundu na ya njano katika kishada kimoja. Ndege wakala tunda lake jeusi, wakalipeleka walikotaka wao.

Ng'ombe aliyeshiba hakigusi. Kiangazi nyasi zikiisha anakila, na baada ya siku chache ngozi ya pua na masikio inababuka kwa jua kama amemwagiwa maji ya moto. Anasimama kivulini, hali, hanywi, mwisho anakufa. Mume wangu alipoteza dume la kulimia. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alipoteza majike mawili mwezi mmoja, na kwetu mtu akipoteza ng'ombe amepoteza mahari ya mwanawe na sauti yake mkutanoni.

Kwa hiyo bwana shamba alipomleta mtaalamu wa wadudu, watu walifurahi hata hajafungua mdomo. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu, akatuamkia shikamoo hata sisi wanawake tuliokaa chini kule nyuma. Alikuwa na chupa yenye wadudu wa rangi ya majivu, kila mmoja kama punje ya mtama. Akasema wametoka ng'ambo, huko kichaka kilikotoka, na huko ndio wanaokinyonya majani mpaka kinadhoofu.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa mura, kijana wangu, akimaliza kichaka atakula nini? Atapanda ndege arudi kwao?"

Watu walicheka. Yule kijana hakucheka. Alisema hilo ndilo lililomleta. Mdudu akishaachiwa haitwi akarudi. Kwa hiyo kabla ya kumwachia, atapanda kwenye makopo kila zao la kijiji hiki, atayaweka kwenye vizimba vya wavu pamoja na wadudu wenye njaa, aone wanagusa nini. Wakigusa chakula cha watu, hawaachiwi. Akatoa karatasi akaomba atajiwe mazao.

Wanaume wakataja. Wimbi, mtama, mahindi, mihogo, viazi, karanga, pamba. Bwana shamba akauliza kama kuna lingine. Wakasema hakuna, imetosha.

Ufuta haukutajwa. Mwanaume wa kwetu hataji kinachoota kwenye kishamba cha mke wake. Hakijui, na akikijua anajifanya hakijui, maana ni mambo ya jikoni. Na mimi sikutaja kwa sababu yangu nyingine. Ufuta wangu ulikuwa mahameni. Ilikuwa imekatazwa kurudi kulima kule, jembe la kila mtu lilitakiwa liwe kwenye shamba la ujamaa na kwenye eka yake kijijini. Na aliyepita nyumba kwa nyumba kutangaza katazo hilo alikuwa mume wangu, maana ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi.

Nilikuwa na watoto watano wanaokula. Wimbi la shamba la ujamaa liliingia ghalani, likatoka lilipopangiwa kutoka. Miezi ile ya kungoja mavuno, ufuta uliotwangwa kwenye mboga ndio uliowashika watoto wangu. Mbegu yake nilikuja nayo nilipoolewa, nimefungiwa na mama yangu kwenye kipande cha kitambaa. Kila alfajiri niliyokwenda kuupalilia nilisema naenda kuni, na nilirudi na kuni kweli, ili nisiwe mwongo kabisa.

Sasa nikaanza kuogopa mara mbili. Nilikuwa naogopa kuonekana na watu, nikaongeza kuogopa kidudu.

Wanawake tulipangiwa zamu ya kumwagilia yale makopo, na nyumba kumi zetu zikaanza. Vizimba vilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji. Niliinama na kata ya maji nikaangalia. Kwenye kopo la kichaka wadudu walijaa chini ya majani. Kwenye wimbi walitembea tu, kama wageni waliokosa pa kukaa, wengine wamekufa chini. Kwenye pamba hakuna kitu. Bwana shamba alifurahi, akasema Jumamosi wanaachiwa, maana mtaalamu akirudi atasaini tu.

Nilijiambia basi, ni salama. Nikajijibu kuwa wimbi si ufuta. Kidudu kinachoacha ugali kinaweza kupenda mboga, mbona watu wako hivyo. Nilipika uji ukashika chini. Mume wangu aliniuliza naumwa nini, nikasema kichwa.

Siku ya nne ya zamu niling'oa mche mmoja wa ufuta na udongo wake, nikaufunika kwa majani ya maboga kapuni. Nilipata kopo linalofanana na yale mengine, nikauingiza kizimbani nyuma ya pamba. Wavu ukanishika kidole. Mwenzangu wa zamu alikuwa kisimani. Sikumwambia.

Siku mbili sikuona kitu. Siku ya tatu majani yalikuwa na madoa meupe, kama jani lililonyunyiziwa majivu. Nikaligeuza moja. Walikuwepo chini, wamejazana, na vinyesi vyao vidogo vyeusi. Walikuwa wametaga.

Ilikuwa Ijumaa. Nilishika lile kopo nilitoe. Nikilitoa, hakuna atakayejua, mume wangu atabaki balozi, wadudu wataachiwa kesho, ng'ombe wa watu watapona, nami nitakwenda mahameni kungoja kuona ufuta unavyokauka. Nililiinua kabisa likawa hewani. Nikalirudisha, nikaenda nyumbani.

Jumamosi mtaalamu alifika kwa pikipiki na watu wamekwisha kukusanyika. Alifungua vizimba kimoja kimoja akiandika, mpaka akafika cha pamba. Akatoa kopo langu. Alilitazama muda mrefu akageuza jani moja moja.

Bwana shamba alipandisha hasira. Akasema kuna mtu ameharibu kazi ya serikali, mche huo haumo kwenye orodha, utupwe, kazi iendelee. Akamgeukia balozi amtoe mtu wake, maana zamu ilikuwa ya nyumba kumi zake. Mume wangu akasimama, akauliza nani ameweka. Alituangalia wanawake wote ila mimi. Hapo nikajua anajua.

Nikasimama. "Ni mimi."

"Umeutoa wapi huu, mama?" mtaalamu akauliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mahameni."

Jirani wa nyumba ya tatu akasema, "Kumbe balozi anatukataza sisi ili mke wake apate nafasi." Baadhi walicheka, si cheko zuri. Mume wangu akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka.

Mtaalamu hakujali hayo. Aliniuliza ni wangapi tunaopanda ufuta. Nikamwambia awaulize wenyewe, wana midomo. Kila mmoja alikuwa na mahame yake ya kuficha. Halafu bibi mmoja mzee kuliko mimi akasema yeye anao, wamfunge. Baada yake wakasema wengine sita, na mwingine akataja mgagani, mwingine mnavu, mwingine kunde, na karatasi ya yule kijana ikajaa pande zote mbili. Alikuwa anafuta miwani kila mara. Nafikiri na yeye aliogopa, alikuwa amebakiza saini tu.

Siku ile ile wadudu walichomwa moto, vizimba na makopo yote. Alisema hapa hawataachiwa.

Wiki iliyofuata mgambo walikwenda mahameni na majembe, ufuta wetu ukang'olewa tukitazama. Niliruhusiwa kuchuma uliokomaa, ukajaa nusu ya kibuyu. Ubalozi alipewa mtu mwingine. Mume wangu hakunipiga wala hakunisema. Alianza kukaa nyumbani siku za mikutano, akichonga mipini ambayo hatukuihitaji.

Kiangazi kilipofika jirani alipoteza ndama. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, hakubisha hodi.

"Huyu amekufa kwa ufuta wako," akasema.

Nilimwambia amekufa kwa kichaka. Akasema kichaka kingekuwa kimekwisha. Labda ni kweli, na labda si kweli, na hakuna wa kutuambia. Kesho yake nilichukua jembe nikaenda kwenye njia wanakopita ng'ombe wake kunywa maji, nikaanza kung'oa vichaka kwa mizizi. Miiba yake ni midogo, inabaki mkononi. Yeye alipita na mifugo asubuhi ile, akawaswaga upande wa pili. Nikaendelea. Kichaka kimoja kilinichukua mpaka jua likawa utosini, na mbele yangu vingine vilikuwa vimefika mpaka mtoni.